Siku Baraza Letu Lilipochelewa Kula

Alhamisi, mwezi wa tatu. Mbuji.

Ukungu wa leo uliondoka asubuhi ikiwa imeshakwenda, ukarudi mchana kama mtu aliyesahau kitu. Hapo katikati tulipata jua kidogo, na hilo jua tulilitumia lote. Sasa hivi mvua nyembamba inagonga bati, Gaudi amelala kwenye mkeka, maharage yako jikoni, na mimi nimekaa mlangoni na simu mkononi. Nina furaha. Nalisema mapema kabisa, maana nikianza kueleza naweza kusahau kulisema.

Nina furaha, na miguu inauma.

Kwa anayepita kwenye shajara hii kwa mara ya kwanza: mimi ni mama wa mtoto mmoja, Gaudensia, ambaye tunamwita Gaudi. Shule niliishia darasa la saba. Tangu mwaka jana ni mjumbe wa baraza la ardhi la kijiji chetu. Tuko saba, na sheria inataka kati ya hao saba wanawake tuwe watatu. Mmoja wa wale watatu alihamia Songea kwa mwanawe, ikabaki nafasi. Kwenye mkutano wa kijiji wakaulizwa nani anafaa, watu wakatazamana, kisha sauti ikatoka nyuma: mwekeni Mama Gaudi, yule anajua kunyamaza. Wakacheka, wakanyoosha mikono. Hivyo ndivyo nilivyopata cheo.

Cheo hakina mshahara. Unaacha jembe lako unakwenda kusikiliza ugomvi wa jembe la mwingine. Mume wangu kila nikirudi ananiuliza, "Mheshimiwa hakimu, chumvi umeiweka wapi?" Namwambia mimi si hakimu. Zamani nilikuwa nalisema kwa aibu. Siku hizi nalisema kwa sababu nimefundishwa.

Nimefundishwa kule Mbamba Bay, wiki mbili zilizopita. Sikuandika hapa kwa sababu simu ilikuwa haina chaji, halafu nikarudi nikakuta kazi zimenisubiri zote. Watu wanaosaidia mambo ya sheria waliita wajumbe wa mabaraza ya vijiji, wa huku juu milimani na wa kule ziwani. Kijiji chetu kilipewa nafasi mbili. Mwenyekiti wetu, Mzee Menradi, alisema yeye amekaa kwenye baraza miaka mingi, hana jipya la kuambiwa, waende wanaohitaji. Wanaohitaji tukawa mimi na Mama Leokadia, ambaye ni mjumbe wa siku nyingi na mdomo wake hauna mlango. Gaudi nilimbeba mgongoni. Watatu kwa nafasi mbili.

Ziwa nilikuwa naliona siku ambazo anga ni safi tu, kwa mbali, kama shuka lililoanikwa. Kulisogelea ni jambo lingine. Niliingia majini mpaka magotini, Gaudi akanyoosha mikono kama anaitwa na mtu. Tulikula samaki mpaka Mama Leokadia akasema akirudi Mbuji maharage yatamkataa.

Lakini nilitaka kuandika kuhusu semina.

Mwalimu wetu alikuwa dada mdogo tu, mwanasheria. Kitu cha kwanza alichosema kilinishtua. Alisema sisi hatuhukumu. Kazi yetu ni kuwakutanisha watu, kuwasikiliza, na kuwasaidia wapatane wao wenyewe. Wakishindwa kupatana, wana haki ya kwenda juu zaidi, na sisi hatuwezi kuwazuia wala kuwatoza kitu. Nilimtazama Mama Leokadia. Mama Leokadia alikuwa anatazama dari. Maana kwetu mambo yalikuwa hivi: baraza linakwenda shambani, linatazama, Mzee Menradi anasema "Baraza limeamua," na aliyeshindwa analeta jogoo. Aliyeshinda naye ameshachinja wa kwake asubuhi. Yaani kwa kuku hatukuwa na shida.

Dada yule akasema pia: msile kwa upande mmoja. Akaandika ubaoni kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini.

Niliandika. Nilifikiri hilo ndilo jepesi kuliko yote.

*

Kesi ya leo ni ya Hyasinta na Mzee Osmundi. Mashamba yao yamepakana kwenye mteremko, chini ya shule. Wasiojua kilimo chetu niwaeleze kidogo. Huku mteremko ni mkali, kwa hiyo tunalima kwa ngoro. Mwanamume anakata nyasi za shamba lililopumzika, anazilaza chini kwa mistari ya kushuka na mistari ya kukatiza, mpaka shamba lote linakuwa miraba miraba. Kisha mwanamke anaingia na jembe, anachimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifunika nao zile nyasi. Katikati panabaki shimo, pembeni tuta. Maharage yanapandwa kwenye tuta, maji ya mvua yanakaa shimoni, na udongo haukimbilii mtoni. Kulaza ni kwa mwanamume, kuchimba ni kwa mwanamke. Tumezaliwa tumekuta hivyo.

Mume wa Hyasinta alishuka ziwani kutafuta maisha, na misimu miwili iliyofuata hakurudi. Hyasinta ana watoto na hana wa kumlazia nyasi. Mzee Osmundi, jirani, akamlazia. Kwa wema kabisa. Lakini kati ya mashamba yao kulikuwa na ukanda mwembamba wa majani usiolimwa, huo ndio ulikuwa mpaka, na mzee alipokuwa analaza aliona ni usumbufu kukatisha mistari na kuianza upya upande wa pili. Akaunganisha. Miraba ikaenda moja kwa moja kutoka kwake mpaka kwa Hyasinta kama mkeka mmoja. Ukanda ukafunikwa na udongo.

Mwaka huu mzee akapigilia vigingi. Akavipigilia ndani sana, kiasi kwamba sehemu nzuri ya shamba la Hyasinta, ile ya chini yenye udongo mweusi, ikawa upande wake. Hoja yake: nyasi nililaza mimi. Hyasinta akaving'oa vyote akavifanya kuni. Hoja yake: mashimo nilichimba mimi.

Na wakati ndio huu. Nyasi zinatakiwa zilazwe sasa, mashimo yachimbwe, maharage yaingie mvua ikiwa bado ipo. Ugomvi ukienda mpaka wilayani, hata kama Hyasinta atashinda, atashinda akiwa amekosa msimu. Maharage hayo ndiyo chakula chake na ndiyo sare za watoto. Juzi nilimkuta kisimani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Gaudi, nimesikia kwa Mzee Osmundi wameshamfunga jogoo kamba. Basi nimeshajua shamba limekwenda."

Sikulala vizuri kwa hilo neno.

*

Tulifika kwa Mzee Osmundi asubuhi, wajumbe watano kati ya saba. Hyasinta alikuwa amesimama barabarani, hakutaka kuingia uani. Tukaamkia, shikamoo na marahaba zikazunguka, na harufu ya kuku ikatufikia kabla ya viti. Mama Egno, mke wa mzee, alikuwa ametandika kitambaa mezani. Ugali umefunikwa. Maji ya kunawa yako tayari, na sabuni mpya.

Mzee Menradi akakunja mikono ya shati.

Nikasema. Sijui nilipata wapi sauti. Nikasema, "Mwenyekiti, samahani. Tulifundishwa tusile kwa upande mmoja."

Mzee Menradi akanitazama, mikono imekunjwa nusu. "Mama Gaudi, mimi nimeingia baraza hili wewe bado unabebwa mgongoni."

"Ndiyo, Mzee."

"Na watu wanaokuja kukanyaga mpaka wanalishwa. Tangu babu zetu. Nani alikwambia tuanze kutembea na njaa?"

Mama Leokadia akaingilia, "Mwenyekiti, kesho Ijumaa ya Kwaresima, nyama hakuna. Sema ukweli kwamba unaogopa leo ikupite."

Wajumbe wengine wakacheka, na mimi karibu nicheke. Lakini Mama Egno hakucheka. Alikuwa amesimama na ile birika ya maji, na uso wake ulibadilika taratibu, kama mtu aliyeguswa pabaya. Akasema, "Kwa hiyo chakula changu ni kibaya." Akaiweka birika chini, akaingia jikoni.

Hapo ndipo nilipoona nimeharibu. Mzee Osmundi akasimama. Hakupaza sauti, na hilo liliniogopesha zaidi. "Watu wasioweza kula kwangu, hawawezi kupima kwangu. Rudini. Tutakutana wilayani."

Wilayani. Barabarani kule Hyasinta alisikia, nikamwona akishika kichwa.

Nilikuwa nimefuata nilichofundishwa, neno kwa neno, na mwanamke niliyetaka kumsaidia ndiye alikuwa anapoteza msimu wake. Shajara, nilitamani ardhi ifunguke, na siyo ile ya mgogoro.

Nikamwomba mzee anipe muda kidogo tu nipige simu. Akasema piga, hewa ni ya Mungu. Kwetu mtandao unapatikana ukipanda kwenye lile jiwe nyuma ya shule. Nikapanda, Gaudi mgongoni, nikampigia Mama Salome wa Chiwanda.

Mama Salome nilikaa naye dawati moja kwenye semina. Ni mjumbe wa baraza la kijiji chao huko chini, karibu na mpaka wa Msumbiji, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo. Siku ya kuagana alinipa namba akasema ukikwama usijifanye unajua, piga. Nikapiga. Alikuwa anaanika dagaa, nikamsikia akifukuza kuku wa watu.

Nikamweleza yote haraka haraka. Akacheka. Akacheka tena.

"Mwanangu, sisi mzee mmoja alitufukuza na ndoo ya maji. Mimi nililowa mpaka kitambulisho." Kisha akaacha kucheka. "Sikiliza. Semina yangu ya kwanza walinifundisha kukataa, nikakataa, nikalowa. Ya pili, kabla ya hii yetu, nikauliza, jamani, tukikataa tunafukuzwa, tufanyeje? Tukazungumza sisi wajumbe, kila mtu na ya kwao. Siku hizi kwetu hatukatai. Tunasema chakula kikae. Tutakula mkishapatana, nyote wawili kwenye mkeka mmoja. Wasipopatana, hakuna mjumbe anayekula, na mwenye nyumba anajua siyo dharau. Halafu yule mama aliyepika, umemwomba radhi?"

"Bado."

"Sasa unanipigia mimi wa nini? Nenda jikoni."

Nikashuka lile jiwe karibu nianguke.

*

Jikoni Mama Egno alikuwa anachochea moto usiohitaji kuchochewa. Nilipiga magoti nikasema shikamoo kwa mara ya pili. Akaitikia kwa upande. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia mama, sijakataa mkono wako. Huyo mwanamke aliye barabarani anaamini kuku huyu ameshamnyang'anya shamba. Tukila sasa, hata tukisema kweli tupu, hatatuamini, na nyie mtabaki na jirani anayewasema maisha yote. Kifunike. Tukipatana tutakula naye hapa hapa, na mimi nitaomba nyongeza.

Gaudi akanyoosha mkono akamshika kitambaa cha kichwa, akakivuta kikatoka. Mama Egno akamtazama, akakirudisha. "Huyu naye ni mjumbe?"

"Ndiyo, mama. Ni wa nane."

Akafunika chungu kwa sinia, akaweka jiwe juu.

Halafu nikakumbuka kitu kingine cha Mbamba Bay. Yule dada mwanasheria alisema mkifika kwenye eneo, waulizeni wote wanaolifanyia kazi hilo eneo, siyo mwenye jina tu. Nikamwomba Mama Egno twende naye shambani. Akashangaa. Akasema kesi ni ya mume wake. Nikamwambia mashimo ya upande wenu anachimba nani? Akachukua kanga yake.

Mzee Menradi aliposikia chakula kitasubiri badala ya kukataliwa, akakunjua mikono ya shati. Akasema kwa sauti ya kiongozi, "Baraza limeamua kwenda shambani kwanza." Mama Leokadia akanikanyaga mguu ili nisicheke. Mzee Osmundi naye, mkewe alipompita akiwa mbele, hakuwa na la kufanya ila kufuata.

*

Shambani kulikuwa na umande mpaka kiunoni. Nyasi za shamba lililopumzika zimesimama, na chini yake mashimo ya zamani hayaonekani, unayahisi kwa miguu tu. Hapo unaelewa kwa nini watu wanagombana. Ukisimama juu huoni shamba la nani linaishia wapi.

Niliomba tufanye kama tulivyofanya kwenye semina. Kila mmoja aseme, asikatizwe. Na mwenzake kabla ya kujibu, aseme kwanza amesikia nini. Mzee Menradi akanong'ona kwamba huo ni mchezo wa chekechea. Lakini hakuzuia.

Hyasinta akasema yake. Zamu ya Mzee Osmundi kurudia.

"Anasema mimi mwizi."

"Sikusema hivyo," Hyasinta akasema.

"Mzee," nikamwambia, "jaribu tena. Alichosema tu."

Akakohoa. "Anasema nimepigilia vigingi kwake."

"Na kabla ya hapo?"

Akatazama chini kwenye mteremko. "Anasema... mume wake alipoondoka, nilikuja asubuhi na panga. Sikuitwa. Nikamkatia, nikamlazia. Akaniletea togwa." Akanyamaza. Tulisubiri. Yule dada alisema kusubiri ni kazi, usiijaze kwa maneno. "Ndiyo. Nilimlazia. Mtoto wa watu alikuwa peke yake."

Kisha akasema yake. Kumbe shida haikuwa nyasi. Egno, mwanawe, anaoa baada ya Pasaka. Bibi harusi atakuja, na shamba la nyumbani halitoshi, hakuna mahali pa kumwonyesha kwamba hapa ndipo pako, chimba. Mzee alisema hilo akiwa amegeukia pembeni. Hyasinta aliporudia, alilirudia polepole: "Anasema anaona aibu mkwe wake aje akose shimo la kuchimba." Na akaongeza kwa sauti yake mwenyewe, "Mzee, mimi sikujua kama Egno anaoa."

"Ungejuaje. Hatusalimiani."

Ilibaki kujua mpaka ulikuwa wapi. Mzee Menradi akaanza kupiga hatua kutoka kwenye njia, kwa namna yake ya siku zote, akihesabu kwa sauti. Mzee Osmundi akasema anahesabu vibaya. Wakaanza kubishana wao wawili. Mimi nikamgeukia Mama Egno, nikamuuliza, mama, wewe ukichimba ulikuwa unaishia wapi?

Hakujibu kwa mdomo. Alivua ndala, akaingia kwenye nyasi, akawa anatembea akikanyaga tuta na shimo, tuta na shimo, anashuka, anasogea kushoto kidogo. Akasimama. Akasema, "Hapa. Jembe langu na la Hyasinta yalikuwa yanakutana hapa. Tulikuwa tunakaa kwenye lile tuta nene tunakunywa togwa, halafu yeye anageukia kwake na mimi nageukia kwangu."

Hyasinta akasema, "Ni hapo. Ni hapo, mama."

Na tuta lile kweli lilikuwa nene kuliko mengine. Tulipofukua kidogo kwa panga tukakuta mizizi ya majani magumu ya ule ukanda wa zamani, ambayo haioti mahali palipochimbwa kila msimu. Palikuwa mbali na matundu ya vile vigingi. Mbali na alipokuwa anataka mzee, na kwa haki niseme pia, Hyasinta naye alikuwa anadai kidogo zaidi ya pale. Aliona, akasogea.

Mzee Osmundi alimtazama mkewe. "Mama Egno. Muda wote huu ulikuwa unajua?"

"Hukuniuliza. Uliniuliza jogoo yuko wapi."

Mama Leokadia alikaa chini kwenye nyasi mbichi kwa kicheko. Mzee Menradi akacheka. Mwisho hata Mzee Osmundi mwenyewe akacheka, akijifuta uso kwa kofia, na nikajua tumeshapita pale pagumu.

Mzee Menradi akafungua mdomo. Nilimwona anaelekea kwenye "Baraza limeamua." Akanitazama, akaufunga, akaufungua tena. "Haya. Nyie wenyewe mnasemaje?"

Shajara, hilo swali lilinipendeza kuliko ziwa.

Mzee Osmundi akasema mpaka uwe pale aliposimama mkewe. Hyasinta akasema sawa. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Akasema kama ni kuazima, aombwe, yeye si mnyimi. Hawezi kulichimba shamba lote peke yake msimu huu, kile kipande cha juu kitabaki nyasi tu. Mke wa Egno anaweza kuanzia hapo, kwa maharage ya mwaka huu, mpaka wapate kwao. Lakini ijulikane mbele ya baraza kwamba ni kuazima.

Ilimchukua mzee muda kuomba. Nadhani vigingi vyote vile alivipigilia kwa sababu ya kukwepa hilo neno moja. Akaomba. Hyasinta akampa. Tukaandika makubaliano, wakaweka sahihi wote wawili, na nikamwomba Mama Egno naye aweke. Mzee hakukataa. Kabla hatujaondoka vijana wakaleta miche ya kupanda kwenye lile tuta, ili mwakani mtu asihitaji kuvua ndala.

Ndipo tukala. Kuku alikuwa amepoa na ugali umekuwa mgumu, na Hyasinta alikaa kwenye mkeka karibu na Mama Egno, wakapakuliana. Niliomba nyongeza kama nilivyoahidi.

*

Njiani kurudi Mzee Menradi alitembea karibu nami, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akauliza kama watu wale wa Mbamba Bay wataita tena. Nikasema walisema wakipata uwezo, mwezi wa nane. Akasema basi mwezi wa nane kahawa inakuwa imepungua, mtu anaweza kwenda. Akatembea mbele haraka kabla sijajibu.

Nataka tuitwe tena, na siyo kwa ajili yake tu. Wiki ijayo tuna ndugu wawili wanaogombea shamba aliloacha baba yao, mmoja ni wa mama mwingine, na hilo sikufundishwa. Nimefundishwa siku mbili. Sheria nayo inabadilika, nasikia, na sisi huku tunaendelea na ile ya zamani mpaka mtu atuambie. Leo neno moja la semina lilitaka kuharibu kila kitu, na lililoponya ni la mtu aliyekwenda semina mara ya pili na akauliza swali. Kwa hiyo nina orodha ya maswali kichwani. Tukiitwa nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono, darasa la saba langu hivyo hivyo.

Swali moja halisubiri mwezi wa nane. Jumatatu Mzee Osmundi na Egno wanamlazia Hyasinta nyasi. Jumanne wanawake wa jirani wanakwenda kumsaidia kuchimba, kama tunavyosaidiana siku zote, na amenialika. Nataka kwenda. Ni jirani yangu, na maharage yake yamechelewa. Lakini mimi ni mjumbe. Wakiniona na jembe kwa Hyasinta, hawatasema nilikuwa upande wake tangu mwanzo? Na nisipokwenda, nitakuwa mjumbe wa aina gani, asiyejua jembe la mwenzake linaishia wapi?

Nimekaa na hilo hapa mlangoni mpaka maharage yameanza kuungua kidogo.

Nimeamua hivi. Jumanne nitachimba kwa Hyasinta. Jumatano nitachimba kwa Mama Egno, na kesho asubuhi nitampitia nimwambie mwenyewe, kabla hajasikia kwa wengine. Mgongo utauma. Gaudi atakula udongo siku zote mbili.